Mtungi Uliopakwa Rangi Mpya

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia karakanani kwa mama yake kabla hata ya kuvua viatu. Karakana yenyewe ilikuwa banda la mabati lililoegemea ubavu wa nyumba. Jina la Chiriku alipewa na watoto wa mtaani kwa kuwa mdomo wake haukujua mapumziko, naye alilipenda. Alifagia vumbi la chuma na kutundika koleo ukutani huku akimwaga habari zote za darasani. Mama yake, fundi wa kuchomelea, alimsikiliza nyuma ya miwani yake myeusi, akiguna panapostahili kugunwa.

Juma lile Mama aliguna kwa nadra. Zahanati ya mtaa ilikuwa imemkabidhi vitanda vyake vya chuma vilivyovunjika avitengeneze, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Lakini mabomba ya vitanda yalikuwa membamba, yakitaka moto wa gesi, na mitungi aliyokuwa akiazima ilikuwa imechukuliwa na mwenye nayo. Alihitaji mitungi yake mwenyewe, wa oksijeni na wa asetilini. Mipya hakuiweza. Ilibidi atafute iliyotumika, tena haraka, kabla zahanati haijampa kazi hiyo fundi mwingine.

Aliyeipata ni Chiriku. Akipita kwenye uwanja wa muuza vyuma chakavu, aliona mitungi miwili imesimama, inang'aa kama imetoka dukani jana. Alifika nyumbani anahema. Jua halijazama, mtaa mzima ulikuwa umeshajua nani ameiokoa karakana ya Mama.

Siku ya mapumziko walikwenda pamoja. Muuza vyuma aliwapokea kwa bashasha, akamkaribisha Mama ndani wakubaliane bei na usafiri. Chiriku akabaki nje na mitungi, akiishika kama mwenye mali.

Mama alikuwa amemfundisha kwamba mtungi hukaguliwa begani na kwenye kitako. Begani hugongwa tarehe ya mara ya mwisho ulipopimwa, na kwenye kitako ndiko kutu hujificha. Alitazama bega la mtungi mkubwa. Rangi ilikuwa imejaza tarakimu zote, hazisomeki. Akachuchumaa, akapapasa chini. Ukucha wake ukazama. Chuma hakizamishi ukucha. Alipokwaruza, kikabanduka kipande cha ile dawa ngumu ambayo wapaka rangi huzibia mashimo kwenye milango ya magari. Nyuma yake palikuwa na kovu la kutu, limekula chuma kwa ndani.

Akatazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Angeweza kukirudisha kile kipande na kunyamaza, maana angewaambia nini watoto wa mtaani? Lakini mtungi ule ungejazwa gesi kwa nguvu, kisha Mama angeinama kando yake siku nzima.

Akaingia ndani.

"Mama, tusiinunue."

Mama akageuka. "Si wewe uliyenileta hapa?"

"Ni mimi. Nilikosea, nilitazama rangi tu. Njoo uone chini ya ule mtungi mkubwa."

Muuza vyuma akacheka, akasema hapo pana mkwaruzo tu, tena haya ni mambo ya watu wazima. Mama akatoka nje, naye muuza vyuma akamfuata. Alitoa brashi ya waya kwenye mkoba wake, akasugua kitako cha mtungi mpaka ile dawa ikapukutika yote. Akalipima shimo la kutu kwa kidole.

"Ndugu yangu," alisema taratibu, "huu ukijazwa utapasuka, na watakaokuja kwangu watakuja na jeneza."

Muuza vyuma ghafla akawa na shughuli nyingi upande wa pili wa uwanja.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Kila kona mtu aliuliza mitungi iko wapi, na kila mara Chiriku alijibu mwenyewe, uso umemshuka, kwamba hakuangalia vizuri. Hata hivyo hakukata tamaa. Kesho yake alikwenda kwenye kituo cha kujazia gesi, akawasalimu wafanyakazi na kuwauliza kama wanamjua mtu anayeuza mitungi. Wakamwelekeza kwa fundi mmoja mzee aliyeacha kazi kwa sababu ya macho.

Alipokwenda na Mama, waliikuta mitungi ya mzee imepauka na kukwaruzika, hata haivutii. Lakini tarehe begani zilisomeka, tena za karibuni, na vitako vilikuwa vizima.

"Shikamoo, babu," alisema Chiriku. "Tunaweza kupaka povu kwenye vali, tuone kama gesi inavuja?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Paka. Nami niliinunua hivyo hivyo."

Wakapaka povu la sabuni, wakakodoa macho. Hapakutoka hata kiputo kimoja. Mama akacheka kwa sauti, kicheko ambacho Chiriku hakuwa amekisikia tangu vitanda vilipoletwa. Wakaifunga mitungi wima kwenye mkokoteni, wakaisindikiza nyumbani kama bibi harusi.

Kuanzia hapo karakana haikupoa. Mama alichomelea, Chiriku akapiga msasa. Siku ya kukabidhi, majirani walijitokeza wenyewe kubeba vitanda. Mganga mkuu wa zahanati, mama mnene asiyependa mchezo, alijitupa juu ya kitanda cha kwanza kwa uzito wake wote. Kitanda hakikulia. Akajitupa tena, watu wakapiga makofi na vigelegele. Hapo hapo akampa Mama na kazi ya madirisha yote ya zahanati.

Majirani walipoanza kumsifu, Mama alimvuta Chiriku mbele yao.

"Mwanangu," alisema, "kasoro ya kitu cha mtu mwingine kila mtu huiona. Wewe uliiona kwenye kitu ulichokuwa umejivunia mtaa mzima, ukakubali kuaibika ili useme kweli. Ungenyamaza, leo tusingekuwa hapa. Ukikosea tena, na utakosea, fanya hivyo hivyo: sema mapema, kisha urekebishe."

Kisha akamkabidhi futi ya kupimia, wakaingia wote wawili kupima dirisha la kwanza.