Valvu Mbili za Binti wa Fundi

Amplifaya ilikuwa imewashwa, lakini gitaa halikuchomekwa, na bado spika ikatoa noti tatu.

Fundi alizijua. Ndizo noti ambazo binti yake alizoea kupimia mashine kabla ya kupiga, na binti alikuwa kaburini tangu mvua za kwanza.

Ndani mlikuwa na valvu mbili ndogo, vioo mfano wa balbu vinavyowaka kwa joto, zile za mwisho zinazosukuma sauti kwenye spika. Ndogo hukwaruza mapema. Ukiongeza sauti kidogo tu zinalia, tamu lakini zenye kikohozi. Binti alitaka kubwa, zenye sauti safi na besi iliyoshiba.

"Baba, nifungie kubwa."

"Kesho, mwanangu."

Kesho haina mwisho, na homa haikungoja.

Noti zikawa wimbo, kisha karakana ikaanza kunukia mafuta ya nywele zake, kisha mchana mmoja, mkewe fundi akiwa mlangoni na chakula mkononi, spika ikakohoa kikohozi kile kile cha binti katika wiki yake ya mwisho, ikavuta pumzi ndefu, ikakwaruza "Baba", na sahani ikapasuka sakafuni.

"Baba watoto, huyo si mwanetu," mama alinong'ona.

"Sauti naijua."

"Na jini linaijua. Nimebaki na wewe tu. Usinifanyie hivi."

Mganga aliyeitwa aliweka kiganja karibu na vile vioo vya moto. "Limejibanza humu kwenye joto. Zitoe zote mbili, uzivunje. Na likikuita, usiitike. Anayeitika huondoka nalo."

Fundi akazing'oa ndogo, akafunga soketi mpya na valvu kubwa. Sauti ikatoka nene, safi, ile ile aliyoombwa. Akalia kama mtoto, mkewe akimshika bega.

Ila mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Valvu hizi hufanya kazi mbili mbili, moja ikisukuma nyingine inavuta, na fundi alijidanganya kwamba moja peke yake ni kioo tu. Alivunja moja. Ya pili akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Jioni, mkewe akipakua chakula, mfuko ukaanza kupata joto. Hapakuwa na waya wala umeme.

"Baba," ikakwaruza. "Kesho imefika?"

Mkewe aligeuka, akamwona anatabasamu, mwiko ukamtoka mkononi.

"Usiitike! Mume wangu, nakuomba, usiitike!"

"Naam, mwanangu," akasema fundi.