Ambulansi ya Jina Moja

"Anayeendelea kuunga mkono ombi hili asimame!"

Nikasimama.

Nikageuka nyuma kuwaangalia wenzangu...

Hakuna aliyesimama! Hata mmoja!

Ukumbi wa baraza la mji ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Ni watu wale wale walioweka sahihi zao jikoni kwangu, wakinywa terere yangu, ile chai baridi ya majani, na kutafuna chipa zangu, mikate ya jibini. Sasa kila mtu alikuwa anakodolea viatu vyake utafikiri amevinunua asubuhi ile.

Nikamtafuta mwanangu Mirna. Haikuwa vigumu kumwona, tumbo la miezi minane halijifichi. Alikuwa amekaa mstari wa pili, anajipepea na kofia.

"Mirna," nikamwita kwa sauti ya chini. "Simama."

"Mama, kaa chini."

"Nimesema simama!"

"Mama, unatuaibisha. Kaa."

Jamani... Ombi lenyewe nililiandika kwa ajili yake!

Kule mbele, Don Arsenio Villalba, mwenyekiti wa baraza, akanitazama kwa huruma. Naapa ilikuwa huruma kabisa. Ndiyo kitu kilichonichanganya.

"Komadre Zunilda yuko peke yake," akasema. "Ombi la mtu mmoja si ombi la wananchi. Tunaliweka kando. Tuendelee."

Sikulia. Sikutukana. Nilikaa tu, nikawasikiliza madiwani wakijadili taa za uwanja wa mpira kama vile hakuna kilichotokea.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, msije mkasema Zunilda mzushi.

Hapa Potrero Kurusu tuna ambulansi moja. Zamani ilikuwa inabeba bia na magodoro ya wakubwa kuliko wagonjwa. Madiwani wakakasirika, wakapitisha sheria ndogo: ambulansi haitoki nje ya mji bila sahihi ya meya yenye jina la mgonjwa. Siku ile tulipiga makofi. Tuliona wametukomboa.

Shida ni kwamba meya wetu anaishi kwenye ng'ombe zake. Kumpata ni bahati. Kumpata baada ya chakula cha mchana, wakati mji mzima umelala kwa joto, ni muujiza.

Mume wangu Celso alishikwa na moyo wakati kama huo. Alikufa kwenye benchi la zahanati. Ambulansi iko uani, dereva yuko ndani, ufunguo uko mkononi. Nesi Graciela anapiga simu, haipokelewi. Anapiga tena. Celso alikuwa anaiona ile gari dirishani, akaniuliza, "Zuni, mbona hatuendi?"

Meya alipofika na kalamu yake, nilikuwa nimeshamfumba Celso macho.

Toka siku ile kuna kitu ndani yangu kilizimika. Watu walinisifu eti nina moyo mgumu, sikulia hata makaburini. Moyo mgumu wapi! Ilikuwa ganzi. Ukinichoma sindano nasikia imegusa, lakini siumii.

Kisha Mirna akashika mimba. Mumewe yuko Buenos Aires, anajenga magorofa ya watu. Mwanangu akaanza kuvimba miguu, presha ikapanda. Nesi Graciela akanivuta pembeni, akaniita kwa jina la heshima.

"Ña Zunilda, huyu akizidiwa hapa mimi sina uwezo. Ni hospitali ya mkoa tu. Na asikawie."

Hapo ndipo nilipoandika ombi. Maneno machache tu: nesi wa zamu ndiye aamue ambulansi iende lini na imbebe nani. Basi. Mji karibu wote ukatia sahihi.

Halafu nikafanya kosa ambalo kila mtu wa hapa angelifanya...

Nikampelekea kompadre.

Kwetu huendi serikalini mwenyewe kama mtoto wa kuokotwa. Unapitia kwa kompadre wako, yule aliyemsimamia mwanao ubatizo, naye anakuita komadre. Kumruka ni kumtukana. Na Don Arsenio amewasimamia watoto wa nusu ya mji. Akipita barabarani watoto wanakimbia, wanaunganisha viganja: "Baraka, padrino!" Anawabariki mmoja mmoja, baba yao wa ubatizo, hachoki. Mirna wangu ni mmojawapo.

"Niachie mimi, komadre," aliniambia, akaikumbatia ile bahasha. "Nitaifikisha barazani kwa mikono yangu."

Na kweli aliifikisha. Ila kabla ya kuifikisha alipita nyumba kwa nyumba.

Hilo sikulijua. Nilijua jioni ya aibu yangu, tulipokuwa tunarudi nyumbani mimi na Mirna.

"Niambie," nikamwambia. "Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu."

"Mirna."

Akapunguza mwendo. Kisha akasema, "Padrino alikuja ulipokuwa sokoni. Akaniambia, mwanangu, siku ikifika nipigie mimi tu. Hata meya awe mwezini, gari itakuja. Ila hilo ombi linamdhalilisha meya, na meya akidhalilika mimi nitamwombaje?"

"Na wengine wakiugua?"

"Mama, kila mtu na bahati yake! Mimi ndiye nimevimba. Mimi ndiye nitakufa. Unataka nife na sheria nzuri?"

Nilitafuta hasira nikaikosa. Nikamchemshia maji ya kukanda miguu.

Wiki mbili baadaye, saa za usingizi wa mchana, nikasikia kishindo jikoni.

Nikakimbia... Mirna yuko chini, macho yamegeuka, mwili unatikisika. Kifafa cha mimba!

"Mirna! Mirna!"

Nikachukua simu yake. Nilimpigia nani? Nilimpigia yule yule! Nani mwingine?

Akapokea mara moja.

"Kompadre, Mirna anakufa!"

"Usikate simu... Meya niko naye hapa, tunakula nyama. Anaandika sasa hivi... Tayari. Nimeipiga picha, nimemtumia dereva. Gari inakuja, komadre!"

Na ikaja! Mbio, king'ora juu. Lalo dereva na nesi Graciela wakamwingiza Mirna, nami nikaruka nyuma, nikamshika kichwa. Nitakuwa mwongo nikisema sikumshukuru Arsenio. Nilimshukuru kwa sauti, Graciela ni shahidi.

Tukafika njia panda, pale lami inapoishia na udongo mwekundu unapoanza. Kwenye kona hiyo kuna nyumba ya Ña Obdulia na mumewe Don Fermín.

Ña Obdulia alikuwa amesimama barabarani.

Geti amelifungua lote. Amemvuta mumewe kwa kiti mpaka ukingoni, mdomo wa mzee umekwenda upande, mkono mmoja unaning'inia. Kiharusi. Mama wa watu alipotuona akafanya ishara ya msalaba, akatabasamu! Akaanza kumwinua mumewe ili tusipoteze muda...

Akaitazama gari na akaamini kabisa kwamba imemfuata yeye.

Lalo akapinda usukani, akampita.

"Lalo, simama!" Nikagonga kioo. "Simama, kuna mgonjwa!"

"Siwezi, Ña Zunilda!"

"Nafasi ipo! Mimi nashuka, akae yeye!"

"Amri ina jina moja! Nikibeba asiye na sahihi, kesho sina kazi!"

"Ni Don Fermín, Lalo! Aliyekufundisha kuendesha!"

"Namwona!" akapiga kelele. "Namwona, mama, nina macho!"

Graciela akampiga begani, akamwamuru, akamsihi. Lalo alikuwa analia, mguu haukutoka kwenye mafuta.

Nikatazama dirisha la nyuma. Ña Obdulia alitukimbilia kidogo na ndala zake, mkono juu. Kisha akasimama. Kisha vumbi likamfunika.

Nikampigia Arsenio pale pale.

"Kompadre, Don Fermín yuko barabarani!"

"Najua, komadre. Obdulia amenipigia. Nimemwambia gari iko njiani."

"Gari gani?"

Akakohoa.

"Gari gani, Arsenio? Nimo ndani yake!"

"Meya ameshaondoka, hapokei simu. Ikirudi itamchukua," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

Ilipokwenda na kurudi, Don Fermín alikuwa ameshakata roho kwenye kile kiti.

Mirna akapasuliwa, akapona. Akatoka mtoto wa kiume, mzima, ana sauti ya kuuza magazeti. Nilimpakata, nikasubiri furaha ije. Nikaona vidole, nikaona pua ya Celso. Furaha haikuja.

Kwetu mtu akifa, watu wanasali kwake jioni tisa mfululizo. Nikaenda kwa Ña Obdulia ile ya kwanza. Nilitegemea atanifukuza, nami ningeondoka bila neno. Akanivutia kiti.

Rozari ilipoisha, wanawake wakabaki na chipa zao mkononi. Ña Obdulia akasema, hakuwa anamwambia mtu yeyote hasa:

"Aliniambia, komadre, wewe nipigie mimi tu."

Mama mmoja karibu na mlango akashtuka. "Alikwambia nini?"

"Nipigie mimi tu. Gari itakuja."

"Mbona hata mimi aliniambia hivyo!"

"Na mimi!"

"Mimi akasema ni siri yetu, nisimwambie hata dada yangu..."

"Dada yako ndiye mimi! Na mimi nikaambiwa ni siri!"

Mungu wangu... Ambulansi moja, imeahidiwa mji mzima! Kila mmoja alikuwa analala anajiona mjanja, ana gari mfukoni. Kila mmoja alikaa barazani akimwonea huruma mwenzake aliyekosa.

Nesi Graciela alikuwa pembeni, hajala kitu.

"Wangeenda pamoja," akasema. "Njia ni hiyo hiyo. Ingetosha dakika moja tu ya kusimama. Ningewapandisha wote wawili."

Nje mbwa wa Don Fermín alikuwa amelala kwenye kile kiti, na hakuna aliyemfukuza.

Ombi la pili liliandikwa palepale mezani, kati ya mishumaa. Maneno yale yale ya kwanza, hatukubadilisha hata moja. Safari hii halikupita kwa kompadre wa mtu. Ña Obdulia alivaa nguo yake nyeusi, akalipeleka mwenyewe mchana kweupe, na sisi nyuma yake.

Siku ya baraza tulikwenda tumejiandaa kwa vita. Wengine walibeba masufuria ya kugonga. Mimi nilikuwa na maneno yangu kichwani, nimeyarudia wiki nzima.

Don Arsenio akasimama kabla yetu.

"Ndugu zangu, kwa uchungu mkubwa," akasema, na machozi yalikuwa ya kweli, nawaambieni, "naleta sheria ndogo mpya. Kuanzia leo, nesi wa zamu ndiye ataamua. Nani anaunga mkono?"

Mikono yote ya madiwani juu!

Imepita. Imeisha. Hata maji ya uji yasingekuwa yamechemka kwa muda ule.

Watu wakashangilia, masufuria yakagongwa kwa shangwe. Wakambeba! Ndiyo, walimbeba juu juu mpaka nje, picha zikapigwa. Leo mlangoni mwa ambulansi kumeandikwa kwa rangi nyekundu: KAZI YA DON ARSENIO VILLALBA. Mwakani anagombea umeya na kofia zenye jina lake zimejaa mitaani. Na atashinda, msinibishie.

Mimi nilisimama palepale na maneno yangu ambayo hayakutakiwa tena. Nilichokuwa nakidai nimekipata. Celso angekuwa hai kwa sheria ile, Fermín angekuwa hai. Nilijigusa kifuani kuona kama kuna kitu. Hamna.

Nje, Mirna alikuwa ananisubiri kivulini na mtoto. Ña Obdulia akatoka, akatukuta uso kwa uso.

"Ndiye huyu?" Ña Obdulia akauliza.

"Ndiye, Ña Obdulia," Mirna akajibu.

"Nipe nimbebe."

Akampakata vizuri kabisa, kichwa kwenye kiwiko, kama mtu aliyelea wengi. Mtoto akamshika kidole.

"Ana nguvu," akasema. "Anaitwa nani?"

Mirna akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Jina alilichagua mwenyewe nilipokuwa kwenye sala za marehemu. Niliporudi alikuwa ameshamwandikisha. Aliniambia, "Mama, bila yeye huyu mtoto asingekuwepo." Na ni kweli.

"Arsenio," Mirna akasema.

Ña Obdulia akamwangalia mtoto. Watu walikuwa wanampita na kofia mpya, wanaimba. Akamrekebishia mtoto nguo, jua lisimpige usoni.

"Mungu amkuze," akasema, akamrudisha kwa mama yake. Akaenda zake nyumbani.

Usiku wa jana mtoto alilia sana, nikamwita jina lake ili anyamaze. Ulimi ulikuwa mzito, lakini nikaliita. Yeye amekosa nini?

Ndugu zangu mnaosoma, sina hekima ya kuwapa, nimechoka. Nina hili moja tu. Mkubwa akikuita pembeni akakuahidi kitu ambacho kilipaswa kuwa cha wote, usikimbilie kushukuru. Nenda kwanza kwa jirani, mkae, mnywe hata maji, umuulize yeye ameahidiwa nini.