Dala ya Matofali Mabovu

Asubuhi Faida alichota maji, akafagia uwanja, akapasha uji. Alifanya yote hayo, lakini moyoni hakusikia chochote. Alikuwa hivyo tangu mdogo wake Haruna, mtoto wa miaka mitatu, alipotumbukia na kufa katika shimo lililoachwa na wachimba mchanga hapo mjini Baraka. Watu walilia. Faida, na miaka yake kumi na miwili, machozi yalimkataa.

Tangu msiba ule, Mama hakutaka mchanga uingie kwake. Kwa hiyo Useni, baba mdogo wa Faida, ambaye alikuwa fundi mwashi, aliamua kutengeneza dala ya choo kipya, yaani bamba la zege la kufunika shimo, kwa matofali yaliyovunjika na kutupwa kwenye matanuru. Yakipondwa na kuchekechwa, hushika nafasi ya mchanga.

“Gonga mbili mbili, moja kwa ingine,” Useni alimwambia Faida. “Ile inalia, ponda. Ile inanyamaza haikuiva, tupa. Ikipata maji inarudia udongo.”

“Ndiyo, baba mudogo.”

Faida aligonga manne, akachoka. Akaponda yote, yaliyoiva na mabichi, mkono ukienda wenyewe tu.

“Uligonga yote?” Useni aliuliza aliporudi.

“Yote.”

Uongo ulimtoka bila shida. Useni akachanganya na saruji na kokoto, akamimina.

Baada ya wiki mbili dala iliwekwa juu ya shimo. Kabla Useni hajaijaribu, Chérie, mtoto wa jirani, alikuja mbio akicheka, ili aruke juu yake. Naye alikuwa na miaka mitatu.

Faida aliogopa. Alikimbia kwenye dala.

“Chérie, toka!” Alimnyakua, akamkumbatia, akaangua kilio. “Baba mudogo, mi nilidanganya! Sikugonga!”

Useni alichukua nyundo, akapiga mara moja. Kona nzima ilimong’onyoka kama mkate mkavu, ikadondoka shimoni. Mama alishika mdomo.

Walianza upya. Siku mbili Faida aligonga kila tofali, akisikiliza. Dala mpya ilipokauka, watu wazima watatu walisimama juu yake, nayo haikutikisika.

“Simenti ya kwanza nilipoteza bure,” Faida alisema, macho chini.

“Simenti tulipata ingine,” Useni alijibu. “Chérie tungemupata wapi? Ukikosea kazi, mwanangu, sema mapema, mbele muntu hajakanyaga.”