Mwanamke Aliyefutwa Kwa Picha ya Tongaren

Mwalimu Rotich alirudisha picha zake za pasipoti akiwa amekunja uso. Aliziweka kwa meza ya Phelista moja moja, polepole, kama mtu anapanga karata.

"Mama Mtoto, hebu niambie. Hii mkono ni ya nani?"

Phelista akainama. Kwa bega ya Mwalimu kulikuwa na vidole vya mwanamke, vimeshika koti vizuri tu, vile mtu hushika bwanake. Kucha fupi, ngozi imeingia rangi ya kahawia kama ya mtu amechambua majani miaka mingi. Na Mwalimu alipigwa hiyo picha akiwa peke yake, kitambaa ya bluu nyuma yake, Phelista mwenyewe ndiye alibonyeza.

"Ni hii programu mpya," akasema. "Imenitesa wiki nzima. Keti nikupige ingine."

"Hizi nilikuwa nazipeleka kwa ofisi. Sasa niwaambie nini? Ati nilioa nikiwa hapa studio?"

Akapigwa ingine. Phelista akaiangalia kwa kioo ya kompyuta, ikawa safi, akaitoa kwa printa. Mkono uko. Sasa umefika mpaka kiwiko.

Studio yake ilikuwa Tuwan, hapo Kitale, chumba moja na pazia, miaka ile watu walikuwa wanaacha filamu. Programu ya zamani Phelista aliijua vile mwanamke anajua jikoni yake, chumvi anaipata hata taa ikizima. Halafu Hesbon bwanake akaenda Eldoret, akarudi na sidii ya programu mpya, akasema ile ya zamani ni ya washamba. Hiyo mpya ikahamisha kila kitu. Mahali pa kukata picha pakajificha chini ya kitu ingine, rangi zikapotea, na ukibonyeza, kompyuta inasimama kufikiria kama ng'ombe imekataa kuvuka daraja. Phelista aliitukana asubuhi mpaka jioni. Kitu moja tu ndiyo alipenda, nayo ni brashi. Zamani ukitaka kutoa chunusi lazima ukate ngozi hapa, upeleke pale, kidogo kidogo, mpaka macho inauma. Hii mpya unapaka tu juu ya kitu hutaki, iwe kovu, iwe mbuzi imepita nyuma ya bibi harusi, unaachilia, na mashine yenyewe inajaza mahali hapo kama hakukuwa na kitu.

Lakini kazi ya kwanza ya hiyo brashi haikuwa chunusi. Ilikuwa kazi ya mama mkwe, na ugomvi wa hiyo nyumba ulikuwa mkubwa kuliko kompyuta.

Mzee Hiram wa Tongaren, babake Hesbon, alioa mara mbili. Wa kwanza alikuwa Nabwile, msichana wa Malakisi. Kwao walilima tumbaku, akaingia kwa boma na vidole vyake vimeshaiva rangi ya majani. Alifunga na Mzee harusi ya kanisa, wakapigwa picha moja tu, Mzee amesimama, Nabwile ameketi. Hakujaliwa mtoto. Akakufa. Wilkista akaja akiwa wa pili, akazaa Hesbon na Zachary na wasichana, akajenga hiyo boma kwa mgongo wake, na miaka yote hiyo anafagia sebule chini ya picha ya mwenzake. Ukweli usemwe, kitu kama hiyo inaweza kula mtu.

Sasa Zachary akapata mchumba, na wazazi wa msichana walikuwa wanakuja kuona boma. Wilkista akatoa picha kwa ukuta, akaifunga na leso, akafika nayo Tuwan.

"Phelista mwanangu, toa huyu. Niweke mimi."

"Mama, baba anajua?"

"Baba yako macho imefifia. Akiona mwanamke ameketi atasema ni sawa."

Nani anakataa mama mkwe? Phelista alifunga mtoto kwa mgongo, akaingiza picha kwa kompyuta, akaanza na uso. Alipaka mara moja, uso ya Nabwile ikaisha, ikabaki laini kama yai. Akapaka mabega, akapaka mikono, akaachilia, na mashine ikajaza ukuta na kiti tupu. Tena alifurahi, kwa sababu ilikuwa kitu ya kwanza hiyo programu imefanya bila kumsumbua. Akaweka Wilkista kwa kiti. Huoni hata mshono. Wilkista akaangalia, akacheka, halafu akachukua ile picha yenyewe, ya karatasi, akaisukuma kwa jiko ya chai. Ikajikunja, ikaungua.

Hapo ndipo mtoto kwa mgongo alianza kulia, na hakulia kama mtoto wa njaa.

Huyo mtoto alikuwa msichana, na hakuwa na jina. Kwa watu wa Tongaren, mtoto akikosa kutulia, wamama wanaketi naye chini na kumwitia majina ya wale walikufa, hili, na hili, na jina atanyamaza nalo ndilo lake, mwenyewe amerudi. Lakini Wilkista alikuwa amekata maneno kwamba mtoto ni Nasimiyu, jina ya mama yake yeye, na hakuna mtu ataketi kuita majina ingine kwa boma yake. Kila mmoja akaogopa kumpinga, lakini hilo jina halikushika. Ndiyo maana pale Tuwan waliita Phelista Mama Mtoto tu.

Baada ya Mwalimu Rotich, ikawa kila picha. Kwaya ya kanisa ikarudisha zao, kuna mtu amesimama safu ya nyuma hawamjui. Kijana mmoja akarudisha ya mchumba wake, ameshikwa kiuno. Phelista akaita Ndung'u, fundi wa kompyuta.

"Sasa mathe. Hii ni virusi tu," Ndung'u akasema. Akatoa programu mpya, akarudisha ile ya zamani, akapangusa vumbi mikononi. "Imeisha. Hebu piga mimi uone."

Phelista akampiga, akatoa. Nyuma ya Ndung'u kulikuwa na mwanamke wa kilemba, mzima, kutoka kichwa mpaka miguu, lakini uso haikuwa. Ilikuwa ngozi tupu, laini.

Ndung'u akaishika hiyo karatasi, akaiweka chini, akakusanya bisibisi zake moja moja.

"Mathe, hiyo si virusi," akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo ni jini. Na imezoea hapa."

"Sasa unaniachia nani?"

"Usiniulize. Mimi ni wa mashine."

Jioni Phelista akaambia Hesbon yote, hata ile ya jiko. Hesbon akaanza kuchuna lebo ya chupa.

"Si uongee na mama," akasema mwisho.

"Ni mama ya nani?"

"Unajua vile yuko."

"Na wewe unajua vile mtoto yuko?"

Hesbon akarudi kwa lebo yake. Phelista alikasirika mpaka akashindwa kula. Mashine inamkataa, wateja wanamkataa, na huyu naye anachuna chupa.

Kesho yake mchana mvua ya Kitale ikashuka, stima ikapotea Tuwan nzima. Phelista akalaza mtoto kwa mkeka chini ya meza, akafunga pazia, akaketi kungoja. Kwanza aliona ni harufu tu, harufu ya majani ya tumbaku yaliyoning'inizwa kwa banda yakauke, tamu, nzito, inashika koo, na akajiambia labda ni mtu anavuta sigara kwa baraza, lakini kwa baraza hakukuwa na mtu, na harufu ilikuwa inatoka kwa printa, na hiyo printa, stima ikiwa haiko, waya yake ameichomoa kwa mkono wake, ikaanza kusaga, grr, grr, polepole kama mtu mzee anakohoa, ikavuta karatasi ndani, ikatema karatasi kidogo kidogo, na Phelista hakuweza kuinuka wala kuita, akaona mkeka kwanza, halafu akaona magoti ya mwanamke juu ya mkeka, halafu akaona mtoto wake juu ya hayo magoti, ameshikwa vizuri na mikono ya kahawia, na juu yake ule uso usio na macho umeinama kama mama ananyonyesha.

Akaangalia chini ya meza. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ameinuka kidogo kutoka kwa mkeka, kichwa chake kimelala juu ya hewa, na midomo yake inanyonya kitu hakiko.

Akamnyakua, akakimbia naye kwa mvua. Kutoka saa hiyo mtoto akakataa titi. Dispensari wakaangalia, wakasema hana kitu. Usiku ukapita, asubuhi ikapita, mdomo umefungwa, macho yanaanza kuingia ndani.

Hesbon sasa hakungoja kuambiwa. Alipiga simu kwa senge yake, shangazi Jentrix, dada ya Mzee Hiram, akamweleza yote, na wote wakakutana Tongaren kwa sebule. Kwa ukuta, ile picha mpya. Wilkista ameketi chini yake, leso kiunoni, mdomo mkali.

Senge Jentrix aliishika hiyo karatasi ya printa, akaiangalia kwa muda, akampa Mzee. Mzee akaisogeza karibu na macho, akapitisha kidole juu ya hiyo mikono.

"Hii ni mikono ya Nabwile," akasema. "Nani amemnyima uso?"

Senge akageukia Wilkista.

"Huyu hakuacha mtoto. Hakuna msichana ameitwa yeye. Alikuwa na mahali pamoja tu, hiyo picha, na nyinyi mmemtoa hapo. Mlitaka akae wapi?"

"Ni jini ya kompyuta," Wilkista akasema. "Muite mchungaji aombe, iishe."

"Kumbe jini ya kompyuta inajua kunyonyesha? Mtoto aitwe. Na wewe uliyemchoma ndiye utaita."

"Mimi? Niite mke mwenzangu kwa hii nyumba nimejenga? Aingie tena kwa mlango mimi nikimshikia?"

Phelista hakuwahi kujibu mama mkwe tangu aolewe. Siku hiyo alisimama mbele yake na mtoto mikononi, mtoto mwepesi kama nguo imekauka.

"Mama, mimi nilifuta kwa sababu ulisema. Sikuuliza mara ya pili. Sasa na mimi nasema mara moja tu. Ita."

"Unaniamuru, Phelista?"

"Mwangalie."

Wilkista akamwangalia mtoto. Kifua kilikuwa kinapanda kwa shida, kinashuka, kinangoja. Sebule yote ikajaa ile harufu ya tumbaku, mpaka Mzee akafunika pua na mkono. Wilkista akajaribu ya kwake kwanza, kwa sauti ya kubembeleza, "Nasimiyu. Nasimiyu, njoo," na mtoto akageuza uso. Akajaribu tena. Mtoto akafunga macho.

Basi Wilkista akapiga magoti, akaweka mdomo karibu na hiyo sikio ndogo, akasema chini chini, kama mtu anatoa mwiba:

"Nabwile."

Mtoto akafungua mdomo. Phelista akampa titi, akalishika, akanyonya kwa nguvu mpaka maziwa ikamwagika kwa shingo, na harufu ikatoka kwa mlango polepole vile mgeni anaaga. Mzee alilia bila kujificha. Akamwita mtoto mke wangu, na kila mtu akacheka kidogo, isipokuwa mmoja.

Studio ilirudi sawa, picha zikawa safi, hata Mwalimu Rotich akarudi. Nabwile mdogo akakua, akatembea, akaongea mapema. Alipenda watu wa boma. Lakini kati yake na Wilkista kulikuwa na kitu kila mtu aliona na hakuna aliyeisema, mpaka siku moja ya Krismasi, Tongaren, mtoto akiwa wa miaka mitatu. Wilkista alimnyanyua kutoka chini, akamweka kwa magoti yake, akamkumbatia. Mtoto akakaa ngumu kama mti. Akaangalia mahali mikono ilimzunguka, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainua uso juu mahali uso wa Wilkista ulikuwa, macho yakapita tu, kama hakukuwa na kitu.

"Mama," akamwita Phelista, na sauti haikuwa ya kuogopa. "Nani amenishika?"

"Ni nyanya, mwanangu. Nyanya Wilkista."

Mtoto akatafuta tena, kwa uangalifu.

"Wapi?"

Wilkista alifungua mikono polepole, akamwachilia ashuke.