Anwani Iliyosomwa kwa Lugha ya Cherehani

Mama Mapacha na mumewe ni mafundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho duka lao. Mume hukata, mke hushona. Mke ndiye anayejua Kiingereza, kwa hiyo simu za wateja wa mbali ni zake.

Wana anwani ya barua pepe. Alama zake mume alizipa majina ya kazini. Ile a iliyozungushiwa duara aliiita kifungo. Mstari unaolala chini aliuita pindo. Nukta ikawa tundu la sindano. Wao wawili walielewana vizuri kabisa.

Siku moja meneja wa hoteli alipiga simu. Alitafuta mafundi wa kushona sare za wafanyakazi wake wote. Kazi kama hiyo ingewalisha mwaka mzima. Alizungumza Kiingereza, na Mama Mapacha alimjibu bila kukwama. Mume akaweka simu kwenye spika ili wateja waliokuwa dukani wamsikie mkewe. Wanaume bwana!

"Nitajie barua pepe yako, nikutumie vipimo," meneja alisema.

Mama Mapacha akataja herufi moja moja. Alipofika kwenye mstari wa chini, akasema pindo, kwa Kiingereza safi. Kisha akasema kifungo.

"Kifungo gani tena?" meneja aliuliza.

"Kifungo tu, bosi. Halafu kuna tundu la sindano."

Kwenye spika kikasikika kicheko cha meneja na cha watu waliokuwa naye.

"Basi, nitatafuta fundi mwingine," alisema, akakata.

Mteja mmoja alikohoa ili asicheke. Mama Mapacha alitamani ardhi ipasuke immeze. Mume naye aliona aibu, akajifanya anatafuta mkasi.

Wateja walipoondoka, mume alisema, "Nenda kwa jirani. Anapokea simu hospitalini, alama hizi anazisoma kila siku."

"Huyo? Juzi nilimcheka Kiingereza chake mbele za watu! Niende na uso gani?"

"Kuuliza si ujinga."

"Basi nenda wewe!"

Mume akarudi kukata kitambaa. Mama Mapacha akaenda mwenyewe, macho chini. Jirani alikuwa akianua nguo.

"Shoga, nimeaibika," Mama Mapacha alisema, akamweleza yote. "Na nilikucheka. Nisamehe."

"Yameisha," jirani alisema. Hakucheka hata kidogo, na hilo lilimuumiza Mama Mapacha zaidi. Jirani akachukua chaki, akaandika ukutani.

"Hii @ inasomwa at. Nukta hii . ndani ya anwani inasomwa dot. Mstari wa chini _ ni underscore. Sema andaskoo."

"Andaskoo. Na mstari unaokaa katikati?"

"Huo - ni dash. Watu wengi huchanganya hizo mbili. Mstari ulioinama hivi / ni slash, na hii # ni hash. Taja alama, tua kidogo, ndipo uendelee. Mwisho mwombe mwenzako akurudishie alichoandika."

Mama Mapacha alizisoma mpaka ulimi ukalainika. Akarudi dukani, akampigia meneja mwenyewe.

"Ni mimi, fundi wa mchana. Naomba nikusomee anwani upya."

Meneja alisita. "Haya, soma."

Akasoma polepole, alama kwa alama. Kisha akasema, "Tafadhali nisomee ulichoandika."

Meneja akasoma. Mahali pa underscore akasema dash.

Mama Mapacha alijua kuchekwa kunavyouma. Akasema kwa upole, "Samahani, bosi. Dash hukaa katikati. Yangu ni underscore, inalala chini."

"Kweli, nimekosea. Ngoja nifute."

Muda mfupi baadaye simu ililia mlio wa barua pepe. Vipimo vya sare zote vilikuwa vimefika. Meneja alikuwa bado hewani.

"Mama, mchana nilikucheka," alisema. "Nimeona aibu. Unisamehe."

"Yameisha, bosi. Vipimo vimefika," Mama Mapacha alijibu. Akamwita mume aje na mkasi.