Mtandao wa Wageni

Almasi alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea boksi lenye antena nne, pale sokoni Kadutu kwenye meza ya vyombo vya umeme, mara sauti ya kike ikamzuia.

"Papa, unanunua nini?"

"Pare-feu, ukuta wa kulinda kompyuta za bureau yangu. Wezi waliingia mu mtandao, wakasoma mafaili ya wateja."

"Ile haiko pare-feu. Ni router ya nyumba tu. Antena haizuie mwizi."

Aligeuka. Loo! Kitenge cha njano kilichoshonwa kikakaa, kilemba cha rangi hiyo hiyo, na begani mfuko wa vifaa vya fundi. Muuzaji alinuna, dada hakujali. Akauliza mashine ziko ngapi, intaneti ina kasi gani, nani atalipia kuusasisha ulinzi wake kila mwaka. Kisha akachagua kiboksi cheusi, kidogo, kisicho na antena hata moja.

"Mbona kibaya hivi?"

"Unataka kukioa?"

Almasi alicheka mpaka akasahau kuuliza bei. "Jina lako nani?"

"Djamila, wa mtaa wa Kasha. Na kazi yangu ninalipisha, usinichekee bure."

Kazi ilichukua siku tatu. Mapenzi hayakungoja hata mbili. Djamila alibadilisha neno la siri la kiwandani, akafunga milango yote ya mtandao, akafungua ile tu ambayo kazi iliihitaji. Simu zote akazitengea mtandao wa pembeni, akauita WAGENI. Jioni wakapigiana simu.

"Umekula, chérie?"

"Nimekula. Na wewe acha kugusa boksi yangu."

"Ninaiangalia tu."

"Angalia kutoka mbali!"

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao Almasi akataja ndoa nyumbani. Baba yake, Muzee Hamadi, mfanyabiashara aliyezoea neno lake kuwa la mwisho, akasema atakuja kumwona huyo musichana ofisini. Akaja na kanzu nyeupe inayonukia udi, akakaa kwenye kiti cha mwanawe, akatoa simu.

"Binti, nipe code ya intaneti."

"Hii hapa, Papa. Ya WAGENI."

"Mugeni ni nani? Mimi? Mu bureau ya mutoto wangu?"

Georgette, karani, akainamisha kichwa. Almasi akamvuta Djamila pembeni.

"Mupe ile ya ndani, ya mashine, mpenzi. Mara moja tu. Ni ndoa yetu hii!"

"Simu yoyote haipite ndani. Nikifungulia moja, nimefanya kazi gani? Wakiiba tena, watu watasema Djamila hajui kitu." Machozi yalimlenga, sauti haikutetereka. Akaweka mezani bahasha yenye maneno yote ya siri. "Boksi ni yako. Fungua mwenyewe."

Akamuaga muzee kwa heshima, akaondoka, akazima simu.

Almasi aliishika ile bahasha. Dakika moja tu, na baba angeridhika. Miaka thelathini na mbili hajawahi kumwambia hapana. Lakini akifungua, Djamila hatarudi tena, na atakuwa na haki.

"Hapana, Papa. Hata simu yangu iko mu WAGENI, na yake pia. Anajua kazi yake, na mimi ninamutaka vile vile alivyo."

Georgette aliacha kuchapa. Muzee akamtazama mwanawe toka kichwani hadi viatuni.

"Mupigie."

"Amezima, Papa."

"Mupigie mupaka awashe."

Alipiga mpaka alasiri. Hatimaye Djamila akaitika.

"Unataka nini, Almasi? Umeisha fungua?"

Kabla hajajibu, baba akamnyang'anya simu.

"Djamila, ni mimi. Huyu mutoto nimemulea miaka yote nikingoja siku atasimama na neno lake mbele yangu. Leo amesimama, na sababu ni wewe. Jumapili tunakuja Kasha na wazee. Ambia baba yako."

Sufuria ikaanguka huko Kasha, na ofisi nzima ikasikia, "Maman! Maman, wanakuja!"