Skrubu za Tofiki

Rafiki yangu Tofiki wa kijiji cha Bodo si mtu wa kutia chumvi. Yeye huunda kompyuta za mezani nyumbani kwake, na ana desturi zake. Dirisha la chumba cha kazi amelipigilia mbao, upepo wa bahari usije ukala vyuma. Mlango huufunga kwa ndani kwa ufunguo, kuku wasiingie. Kabla ya kushika kifaa hugusa kitanda cha chuma, ili umeme wa mwilini usikiunguze. Skrubu huzihesabu kwa sauti, moja moja, akizitia kwenye kisahani, na ufunguo wa mlango huuweka juu yake.

Alasiri moja, akiwa amebakisha kufunga kifuniko tu, umeme ulikatika. Chumba kikawa giza totoro. Akapapasa kisahani, akakikuta kitupu: hakuna skrubu, hakuna ufunguo. Akapapasa meza na sakafu, akautikisa mlango. Haukufunguka.

“Hadiya,” akamwita mkewe, jasho likimtiririka. “Nifungulie, mama. Ufunguo siuoni.”

Nyayo zikaja mpaka mlangoni, zikasimama.

“Ufunguo ninao mimi,” Hadiya akasema kwa sauti ya chini. “Mume wangu amenipa sasa hivi. Ameniambia, sauti yoyote ikiniita kutoka humo ndani, nisifungue.”

“Hadiya, mumeo si ndiye mimi?”

Nyuma ya Hadiya, barazani, Tofiki alisikia skrubu zikidondoka sahanini, moja moja, na sauti yake mwenyewe ikizihesabu.